Mlangizi Aliyeombwa Kanyimbi

Zione Mtambalika alikuwa mwalimu mwenye vitu viwili vya kujivunia: mwandiko wake na mahindi yake. Kwa sababu ya mwandiko, barua zote za Shule ya Msingi Kanyimbi aliandika yeye, maana mwandiko wa mwalimu mkuu ulisomwa na mwenyewe tu, tena siku ambazo hajachoka. Na mahindi, lo! Yalisimama kando ya njia itokayo mtoni kuja shuleni, marefu kumpita mtu aliye juu ya baiskeli, na Zione alipenda kupita hapo taratibu ili wanaokuja nyuma wapate nafasi ya kuyasifu. Alikuwa amelima hadi ukingoni mwa njia. Kusema kweli alikuwa amelima ukingo wenyewe, na kipande cha njia juu yake, lakini nani hakufanya hivyo? Upande wa pili mwalimu mkuu alifanya vilevile, na njia ikabaki ya kupita mtu mmoja mmoja.

Mwezi wa pili, mahindi yakiwa yametoa ndevu, Fatsani Nkhoma wa darasa la saba aliacha kuja shule.

Fatsani hakuwa mtoto wa kuacha shule. Ndiye aliyefika wa kwanza kila siku, miguu imelowa umande hadi magotini, na ndiye aliyewahi kumsahihisha Zione hesabu za sehemu mbele ya darasa zima, kisha akaomba msamaha kwa sauti isiyo na toba hata chembe. Wiki ya kwanza Zione alidhani ni homa. Wiki ya pili akavuka mto kwenda kwao. Akamkuta anapepeta unga uani kwa bibi yake, mzima wa mwili, ila macho hayainuki.

"Sitaki shule," alisema, na hakuongeza neno.

Bibi alimsindikiza Zione hadi nje ya ua. "Ndivyo anavyosema, Madamu. Hali chakula vizuri, hachezi, nimemuuliza hadi nimechoka. Na mimi sikufichi, nimeshaletewa maneno ya posa. Kuna mtu ana duka kule njia panda, anasema msichana akishaacha shule asikae bure. Nimemwambia asubiri mavuno yapite."

Zione alirudi amekufa moyo. Alimpenda mtoto yule, na alijua hesabu yake: kutoka ndevu hadi mavuno ni miezi miwili.

Asubuhi yake aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Kapalamula, mtu mwema ambaye hakupenda jambo lolote lianze kabla hajamaliza chai.

"Huyo anahitaji mlangizi, mtu wa kumshauri," alisema Bwana Kapalamula baada ya kusikiliza.

"Ndicho ninachosema, Bwana Mkuu."

"Basi tumwite Mama Namoyo."

"Mama Namoyo anafunda wanaoolewa! Mimi natafuta wa kumrudisha shule, Bwana Mkuu unaniletea wa kumsindikiza kwa mume?"

"Mama Namoyo anaitwa mlangizi au haitwi?"

"Anaitwa."

"Basi kosa ni la lugha, mimi simo."

Hapo alikuwa na haki kidogo. Neno hilo huko wilaya ya Dedza limebebeshwa mzigo. Mlangizi ni mama anayemfunda bibi harusi. Mlangizi ni bwana shamba. Na siku hizi serikali imeongeza wa tatu, yule wa kukaa na mtoto mwenye jambo moyoni akamsikiliza. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa haonekani, na Zione alimtafuta kweli. Ukutani kwenye zahanati palibandikwa tangazo lenye namba ya simu ya bure kwa ajili ya watoto, lakini mvua ilikuwa imefuta tarakimu ya mwisho, na tarakimu alizobahatisha zilimpeleka kwa muuza matofali. Mjini alikuta mlango wenye kibao alichokitaka, na kufuli. Jirani wa mlango ule akamwambia afisa yuko semina. Semina ya nini? Ya namna ya kuwafikia watoto.

Basi akaandika barua makao makuu ya wilaya. Zione akishika kalamu hawezi kusema maji akayaita maji. Aliandika: "Waheshimiwa, machipukizi yetu hapa Kanyimbi yananyauka kabla ya kuzaa. Yanainamisha vichwa, nasi hatujui ni mdudu gani anayeyala kwa ndani. Tunaomba kwa unyenyekevu mlangizi aje upesi, kabla msimu haujaisha." Bwana Kapalamula aliisoma mara mbili, akasema barua imeshiba, akapiga mhuri. Hakuna kati yao aliyegundua kwamba neno "mtoto" halimo.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Alhamisi saa mbili, pikipiki iliingia uwanjani, akashuka mwanamume mrefu amevaa mabuti ya mpira. Alikuwa mtu wa kaskazini, ilisikika kwenye salamu yake tu.

"Lughano Msiska. Mimi ndiye mlangizi mliyemwomba. Tatizo limeanza lini?"

"Asante Mungu!" alisema Zione. "Wiki tatu sasa."

"Lilianzia kichwani au chini?"

Zione alifikiri. Aliona swali ni la kitaalamu. "Nadhani kichwani."

"Na majani?"

"Majani gani?"

Ndipo Zione alipoliona bomba la dawa ya wadudu mgongoni mwake. Darasa la saba, lililokuwa limejazana dirishani, liliangua kicheko. Bwana Kapalamula akapatwa na kikohozi, akaingia ofisini kukimalizia. Zione alitamani ardhi impasukie. Alishindwa hata kujitetea, machozi yalikuwa karibu, ya hasira zaidi ya huzuni, na alipomweleza yule bwana habari za Fatsani alieleza harakaharaka ili aondoke zake.

Msiska hakuondoka. Alivua bomba akaliweka chini.

"Mafuta nimeshayachoma, dada. Nitaandika nini kwenye ripoti, kwamba nimekwenda kuchekwa na watoto? Twende kwa huyo bibi. Nitamkagulia shamba, angalau ripoti iwe na ukweli ndani."

Kwa bibi, Msiska hakutaja shule hata kidogo. Alizunguka shamba, akachuchumaa, akafunua majani, kisha akamwita Fatsani amshikie kamba ya kupimia. Fatsani alishika. Zione alibaki hatua chache nyuma yao pamoja na bibi.

"Huku hakuna funza," alisema Msiska. "Na yale ya kule njia ya shule? Umeyaona yana matundu?"

"Sijui. Sipiti huko."

"Kwa nini?"

"Ni marefu."

"Haya nayo si mafupi."

"Haya naona upande wa pili," alisema Fatsani. "Yale mtu akiwemo haonekani."

"Mtu gani?" Msiska aliuliza vilevile, macho yake kwenye jani.

Mtoto akasema. Alisema kwa sauti ndogo, akiikunjakunja kamba kidoleni. Mwanamume alitoka katikati ya mahindi asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akamshika mkono, akamvutia ndani. Yeye akamng'ata, mkono ukaachia, mkoba ukabaki kulekule na madaftari yake yote. Hakumwambia mtu. Alijua wangesema kwa nini alitangulia peke yake, nani alimtuma kuwahi.

Bibi alikaa chini palepale kwenye tuta. Zione damu ilimpanda. Aliwaza mwenye shamba hilo ni nani kati ya wote waliolima njiani, aliyejaza njia hadi watoto wanapita kama panya, na alikuwa tayari kwenda kumfokea mlangoni kwake siku hiyohiyo.

"Shamba lipi, Fatsani? Nitajie. Usiogope."

Fatsani alimtazama bibi yake, kisha akatazama chini.

"Lako, Madamu."

Zione hakupata pa kuweka uso. Alikuwa amezunguka ofisi za watu wiki nzima akimtafuta wa kumsaidia mtoto huyu, na kila siku alikuwa akipita mahali penyewe, taratibu, akisifiwa. Alipiga magoti kwenye udongo akamshika mikono.

"Hukukosa kitu kutangulia. Umesikia? Aliyekosa ni yule mtu. Na mimi nimekosa. Wewe hapana."

Msiska alikunja kamba yake. "Mimi ni wa mahindi," alisema. "Ya polisi yana wenyewe na ya moyo yana wenyewe. Lakini nazunguka vijiji vyote, nawajua." Akatoa simu. Siku ya pili alifika askari wa kike kutoka dawati la watoto, akamsikiliza Fatsani mbele ya bibi yake, bila kumkatiza. Habari ilipoenea kwamba Fatsani amesikilizwa na hakuna aliyemcheka, wasichana wawili wa darasa la sita nao wakajitokeza kusema yaliyowapata, na mmoja wao aliutambua uso wa mtu yule. Alikuwa fundi baiskeli wa sokoni. Alikamatwa akiwa na alama za meno mkononi. Na kutoka zahanati akapatikana muuguzi mmoja mpole wa kuja shuleni kila Alhamisi, kukaa darasa la nyuma na mtoto yeyote mwenye la kusema. Kumbe alikuwa amesomea kazi hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Lakini Fatsani bado hakurudi.

"Yule mtu wamemchukua," alimwambia Zione. "Mahindi yapo."

Msiska alikuwa ameshasema dawa yake: hatua nne kila upande wa njia pabaki wazi, na msimu ujao pasipandwe kitu kirefu, karanga au viazi tu. Bwana Kapalamula alishika kichwa.

"Kukata mahindi mabichi? Mwezi wa njaa? Yamebakiza mwezi mmoja tu, Madamu! Mtoto asubiri mwezi mmoja."

"Na mwenye duka naye atasubiri, Bwana Mkuu?"

Jumamosi asubuhi Zione alichukua panga akaenda peke yake. Shina la kwanza lilimuuma, nisiseme uongo. Alilikumbuka tangu likiwa na majani mawili. Alilikata, likaanguka juu ya njia, akakata la pili. Wapita njia walisimama. Mwanamke mmoja alimuuliza mwenzake kama Madamu ana malaria imepanda kichwani, maana mtu mwenye akili hakati mahindi yenye ndevu. Zione aliwajibu bila kuinuka.

"Mtoto aliburutwa humu ndani. Ndani ya mahindi yangu."

Mmoja wao alitua kapu akaanza kuyakusanya mashina. Jua lilipopanda kidogo, upande wa pili wa njia ulisikika mlio wa panga na sauti ya Bwana Kapalamula akilalamika kila shina: hili lingetoa mahindi mawili, na hili nalo mawili, eti nakata chakula changu kwa mkono wangu. Alilalamika hadi adhuhuri, na hakuacha kukata. Bibi yake Fatsani alivuka mto na chungu kikubwa, mahindi yaliyokwisha kutia maziwa yakachemshwa pale pale, watu wakala wamesimama. Mashina walipewa mbuzi.

Jumatatu Zione alifika mapema kuliko siku zote. Aliandika hesabu za sehemu ubaoni, akatoka kusimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze aliona njia yote, wazi, hadi mtoni. Waliokuja kwanza ni wadogo wa darasa la pili, wakikimbizana. Kisha pakawa patupu kwa muda mrefu, akaanza kukata tamaa.

Halafu akamwona. Sare ya bluu, mkoba mpya wenye uzi mweupe uliosahauliwa kwenye kamba, umeshonwa kwa kitenge cha bibi. Alitembea haraka hadi usawa wa shamba la Zione, hapo akapunguza mwendo. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akasimama. Zione mlangoni alijizuia asimkimbilie. Fatsani akainua uso, akaangalia mbele kwenye shule, akaendelea kuja.

"Nimekuona tangu mtoni, Madamu," alisema alipofika.

Zione alitaka kumjibu kwamba naye alimwona, lakini akamwonyesha tu dawati lake kwa mkono. Fatsani alikaa, akafungua mkoba, akautazama ubao kwa muda.

"Madamu, ile ya tatu umekosea. Nusu na robo ni robo tatu, si mbili juu ya sita."

Na safari hii hakuomba msamaha.