Kona Iliyoachwa Inuke

Hakuitwa Redio bure. Siku binti huyo aliporudi kutoka chuo cha kilimo, hata begi hajalitua, alishaanza: "Mama! Nimepata dawa ya shamba! Tope la majitaka! Lile la kwenye mabwawa, likishakauka wanaligawa bure!"

"Mavi," mama yake akasema.

"Yalikuwa mavi, Mama. Sasa ni mbolea. Unachanganya na chokaa kidogo, inaua vijidudu na kupunguza uchachu wa udongo."

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa na chai. Shamba lilikuwa la urithi, lake na dada yake, na lilikuwa limechoka hasa; mahindi yake membamba kama vijiti vya kuchokolea meno. Wafyatua matofali walishautolea macho udongo wake. "Haya mpwa wangu, msimu mmoja tu. Mahindi yakikataa, nawaita waje wachimbe."

Mama akakubali upesi. Hapo ndipo marehemu mama yake alipomfundisha kushika jembe. Hakutaka kupaona pamegeuka shimo.

Lori likamwaga tope. Redio akapima chokaa kama alivyofundishwa, akachanganya, akatandaza. Lakini harufu, jamani! Ilipiga hodi nyumba hadi nyumba. Fundi cherehani akapaza sauti juu ya ua: "Jirani, leo mmepika nini? Wateja wangu napima viuno wao wameziba pua!" Mtaa ukaangua kicheko. Tangu hapo Mama akawa anakwenda sokoni kwa njia ya nyuma, mtandio usoni.

Redio alijua harufu ingeisha yenyewe mvua zikikolea. Alijua pia kwamba chokaa ikizidi, udongo unafumba mkono, mmea unakufa njaa na chakula kipo. Yote aliyajua. Ila ule mtandio ulimshinda. Akanunua magunia mengine ya chokaa, akamwaga. Kukanuka kidogo, akaongeza. Kukanuka tena, akaongeza tena. Shamba likawa jeupe kama limeangukiwa na unga, harufu ikakata, fundi cherehani akaacha utani. Alipokaribia kona ya chini chokaa ikamwishia. "Aa, hapo pabaki. Nani atanusa huko?"

Mahindi yakatoka ya njano, na njano yakabaki, mpaka yakadumaa. Mjomba hakufoka, heri angefoka. "Pole, mpwa wangu," akasema, akaenda kuwaita wafyatua matofali.

Asubuhi walipokuja, Mama alimshika binti yake mkono wakateremka mpaka kona ya chini. Huko mahindi yalikuwa yamesimama kijani kizito, majani mapana, mabua manene yamejaa mkononi. Mama akavuta jani moja, akalinusa.

"Hapa ndipo ulipopaacha panuke?"

"Ndiyo, Mama."

"Si ungeniacha na mimi ninuke, mwanangu?"

Redio akainamisha kichwa. Huko juu, majembe yalikuwa yameshaanza.