Penalti ya Wakwe

Mtu akikuuliza kwa nini beki ndiye anayepiga penalti, mwambie ni kwa sababu washambuliaji hawana adabu. Timu yetu ya Radi, hapa Kamenge, iliwahi kupata penalti ikagombewa na watu watatu mpaka refa akachoka kusubiri. Aliyeshinda ugomvi akapiga huku bado anatukana, mpira ukaenda zake kwenye vibanda vya wauza mandazi. Kocha akanitazama mimi, beki wa kati, mtu asiye na magoli ya kujivunia, akasema kuanzia leo mpira ni wa Sylvère. Basi. Nimezipiga tangu hapo na sijakosa hata moja. Sijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nina hasira.

Tulikuwa na desturi yetu. Penalti ikitolewa, hakuna anayegusa mpira mpaka kipa wetu, Cirimwami, atoke golini kwake, avuke uwanja mzima, auokote na kuuweka mikononi mwangu. Marefa wa hapa wameshazoea. Watu huimba akija, na kipa wa upande wa pili hubaki kusubiri mpaka jasho linamtoka. Cirimwami aliibuni mwenyewe. Alipofika kutoka Uvira akikimbia vita, bila hata soksi, alilala chumbani kwangu. Mama yangu, Concilie, alimwita mwanangu na kumgombeza sawasawa na mimi. Jioni baada ya mazoezi alikuwa ananidakia mipira mpaka giza linaingia. Kama kuna mtu anayeujua mguu wangu, ni yeye.

Mwaka huu niliamua kustaafu. Magoti yamenishinda, na mke wangu Ingrid amechoka kunikanda kwa maji ya moto. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Mpunga, vijana wa Buterere. Sisi tulikuwa katikati ya msimamo, hatupandi wala hatushuki. Wao walihitaji sare ili wasishuke daraja. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: niage kwa ushindi, mama akiwa anaona. Mama hakuwahi kuja uwanjani. Kwake mpira ni ugomvi wa watu wasio na kazi. Aliyekuwa anakuja ni baba, kila Jumapili, na redio yake kwapani. Baba alipofariki mama akasema mechi yangu ya mwisho atakwenda yeye kwa niaba yake. Nilipomweleza Cirimwami, alinishika mkono.

"Ndugu yangu, ile mechi tutakupa," alisema. "Mi naapa."

Wiki moja kabla ya mechi tulifanya kuganduka kwa baba, siku ile ya kuondoa msiba. Timu nzima ilikuja kwetu na mashati meupe. Rais wa klabu, Mzee Gaspard, alishuka kutoka Gihosha na gari lake, kreti za bia zimejaa nyuma. Cirimwami akapewa nafasi ya kusema, na alisema vizuri mno. Alisema mzee yule alimfanya awe na baba mara ya pili. Mama alilia, mimi nikalia, hata jirani yetu Scholastique, ambaye yeye na baba walikuwa hawapikiki chungu kimoja, alilia.

Baadaye nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta viti. Nikawakuta wenzangu wa timu wamesimama wote karibu na jiko, Gaspard katikati, chupa mikononi, vichwa vimeinama. Waliponiona wakanyamaza. Prodige, mshambuliaji wetu, mtu asiyenyamaza hata kanisani, akatazama viatu vyake. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wananipangia zawadi ya kuniaga! Nikajifanya sijaona kitu, nikarudi kwa kunyata nisije nikawaharibia. Hata nilimnong'oneza Ingrid.

"Nyamaza tu, bananipangia kitu."

Bwege mimi. Walikuwa wananipangia kweli.

Siku ya mechi mama alikaa jukwaani na kitenge chake cha sherehe, mwavuli juu, anamsalimia kila mtu. Uwanjani mambo yalikuwa ovyo. Pasi za kurudi nyuma, mipira ya kutoa nje bila sababu, watu wazima wanajikwaa kwenye nyasi. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Nilidhani ni joto, nikadhani ni uchovu wa msimu, nikawatafutia visingizio wao wenyewe hawakuwa navyo.

Zikiwa zimebaki dakika chache, bado hakuna goli, Prodige akajikuta na mpira ndani ya boksi, na beki mmoja wa Mpunga, kijana mwenye papara, akamkwatua. Refa hakuwa na habari ya mambo ya watu. Akapiga filimbi, akanyoosha mkono kwenye nukta.

Uwanja ulilipuka. Prodige hakushangilia, alibaki chini ameshika kichwa. Cirimwami akaanza safari yake. Siku zote huja mbiombio, mikono juu, akiwapigisha watu makofi. Siku hiyo alitembea. Alipofika aliuokota mpira, akaniwekea mikononi, lakini hakuuachia.

"Sylvère, iyi upige inje."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake.

"Apana, usicheke. Piga juu. Mzee Gaspard anaenda kwa Valéry hii Jumamosi, kumuombea mutoto wake bibi. Ataingia mu ile nyumba namna gani kama amemushusha timu?"

Valéry ndiye rais wa Mpunga. Binti yake, Chanelle, anaolewa na kijana wa Gaspard. Habari hiyo niliijua, maana sisi wachezaji ndio tulioombwa kubeba vikapu na kreti siku ya kwenda kuposa. Sikujua kwamba na mimi ni mojawapo ya vitu vya kupeleka.

"Nani anajua?" nikamuuliza.

"Bote."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuganduka. Kule nyuma, ku jikoni."

Nyumbani kwetu. Siku ya baba, mama anapita na sinia akiwauliza kama wameshiba.

"Na mi mbona hamukuniambia?"

"We tulijua utakataa. Tulisema itakuwa sare tu, utaaga na roho safi, hautajua kitu. Hakuna mutu alifikiri penalti. Nisikilize, ndugu yangu, ni mupira moja tu."

"Mama yangu ako pale."

"Mama haelewi mupira."

Pengine ningemsamehe hayo mengine. Watu huogopa wakubwa, najua, na Gaspard ndiye anayetununulia viatu. Lakini mama haelewi mpira! Mwanamke aliyemlisha, aliyemfulia jezi, aliyekuja na kitenge cha sherehe kwa sababu yetu sote wawili, Cirimwami alishamhesabu kuwa si kitu, hawezi kuona tofauti. Roho iliniuma. Nikamnyang'anya mpira. Akarudi golini kwake taratibu, bila kugeuka nyuma.

Kipa wa Mpunga alisimama katikati ya milingoti, ametulia, mtu anayesubiri mpira uende angani. Sikupiga kwa ustadi. Nilipiga kwa hasira, chini kulia, na wavu ukatikisika.

Mtu akifunga hukimbia, ni mwili wenyewe unaokimbia. Niligeuka na mikono wazi, nikakimbia kuelekea kwa wenzangu, halafu nikasimama. Hakuna aliyekuja. Prodige alikuwa anafunga kamba za viatu. Kocha hakuinuka kwenye benchi. Jukwaani watu wanaruka, mama amesimama, mwavuli umemponyoka, anapiga vigelegele. Mimi nimesimama peke yangu katikati ya uwanja na mikono yangu wazi, sijui pa kuipeleka. Siku tuliyomzika baba sikuwa mpweke hivyo.

Mpunga walipoanza upya, kiungo wetu aliunasa mpira, akawarudishia kana kwamba anampitishia mtu chumvi mezani. Nilimzuia wa kwanza. Nikamzuia wa pili, goti likalia. Nikaamka. Winga wao akapiga kishuti kidhaifu, moja kwa moja kwa Cirimwami, mpira ambao Scholastique angeudaka kwa kanga. Aliinama, mikono tayari, kama tulivyofanya jioni zote zile. Macho yake yalikuwa kwangu, si kwenye mpira. Ukampita chini ya tumbo, ukaingia golini polepole.

Sare, moja kwa moja. Watu wa Kamenge wakamtukana kipa wetu, wakidhani amekosea. Mimi sikumtukana.

Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana wa Mpunga walipiga magoti wakamshukuru Mungu. Kwenye viti vya mbele Gaspard na Valéry wakakumbatiana, kulia, kushoto, kulia, wanacheka. Nilitaka kwenda kwa mama, nimchukue, tuondoke. Sikufika mbali. Hapo ndipo wenzangu walipokumbuka kwamba mimi ni mtu wa kuagwa. Wakanizunguka, wakaninyanyua juu mabegani, wanaimba jina langu. Mguu wangu wa kulia ulishikwa na Cirimwami, machozi yanamtiririka.

"Nishusheni," nikasema.

"Tulia, ndugu yangu. Batu banaangalia."

"Nishusheni, nimesema!"

Hawakunishusha. Walinizungusha mpaka mbele ya jukwaa, karibu kabisa na mama. Alikuwa anapiga makofi, uso umelowa, anawaonyesha majirani kwa kidole, kwanza mimi juu, kisha Cirimwami pale chini.

"Na ule naye ni mutoto wangu!" alikuwa anasema. "Bote wawili ni bangu!"

Nikatabasamu, nikampungia mkono.