Punda Aliyesahau Ukuta

Pamela, jirani yake Viola, anasema Dena hakupiga kelele. Mkwezi akiwa juu ya mnazi hupiga kelele kwanza, walio chini wasogee, ndipo aangushe. Siku hiyo, anasema, Dena alikuwa na simu sikioni, na nazi mbili zikawashukia punda wa Viola kichwani, mama moja, mwanawe moja.

"Kelele nilipiga," Dena alisema.

"Ulikuwa ukigombana na mkeo. Punda angejuaje?" Pamela akamjibu.

Mwana alilala chini siku tatu. Ya nne akasimama, na wiki ya pili alikuwa anabeba maji kama kawaida. Mama hata hakuanguka, ila alianza kusahau. Daktari wa mifugo aliwapapasa vichwa, akasema ubongo wa mtoto bado unajifunza, palipoumia hupazunguka. Wa mzee hauna wepesi huo. Akaacha dawa ya kuchanganya na pumba.

Kesho yake Viola akawapakia madumu kwenda kuuza maji. Kwenye ukuta wa Mzee Taib mwana alisimama. Mama akaendelea. Ukuta ule ulijengwa miaka mitano iliyopita, naye alikuwa ameusahau, kwa hiyo akaupita katikati kama haupo. Viola akamfuata, akajigonga paji la uso.

Baadaye punda alitokea palepale ukutani. Madumu yalikuwa matupu, yamesuguliwa kwa mchanga na maganda ya ndimu. Aliyekuwa akisugua madumu hivyo enzi zake ni hawe, bibi yake Viola, aliyezikwa ndani ya shamba lile kabla ya ukuta. Mzee Taib husema humo hamna kaburi.

"Kesho mpelekee na sabuni," Pamela akasema aliposimuliwa.

Dawa Viola aliiweka juu ya kabati. Punda akiila, huenda akaukumbuka ukuta, asifike tena kwa hawe. Asipoila, kila jioni anapita nyua za watu akimlilia mwanawe, na mwanawe yuko ubavuni mwake, hamtambui. Viola aliishika dawa, akairudisha, akaishika tena. Hakujua amwombee nini mnyama huyu.

Siku ya tatu akaenda langoni kwa Mzee Taib.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unifungulie nikamwone hawe. Sitakaa."

Mzee Taib alikuwa akimtazama punda akitoka ukutani, kichwa kwanza, kisha madumu, kisha mkia.

"Huyu mkubwa," akasema bila kufungua lango, "daktari amesema atapona lini?"