Nguzo Nne za Mkaratusi

Mwaka ule Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, Mama Joséphine wa mtaa wa Katuba alikuwa na mti mmoja tu uani, mkaratusi, na mti ule haukuguswa na shoka. Marehemu mumewe, fundi wa reli, aliupanda pale kilipozikwa kitovu cha binti yao Albertine. Majani, sawa: mtaa mzima uliyachuma kujifukizia mafua, naye mwenyewe aliyachemsha katika mawese akawapaka watoto kifuani. Waliokuja kuomba kuni walirudi na matusi tu, maana mama yule hakujaliwa ulimi mtamu.

Albertine aliolewa na Mkasai. Wiki ya pili sasa yeye na mumewe walikuwa stesheni wakingoja treni ya kwenda Kasai, na mvua iliwanyeshea kama mali isiyo na mwenyewe. Mtoto wao Précieux, wa miaka mitatu, akashikwa na kifua. Hospitali dawa zilishakwisha. Asubuhi moja Albertine alikuja mbio kuchuma majani.

“Mama, mutoto hapumue muzuri. Turubai haina miti ya kuisimamisha, maji inaingia yote.”

Mama Joséphine aliutazama mkaratusi, akaingia ndani, akatoka na shoka.

“Hapana, Mama! Kitovu yangu iko pale!”

“Kitovu yako iko mu udongo. Mutoto yako iko mu mvua. Ita Paulin.”

Paulin, seremala jirani, alimsaidia kuukata kwa kimo cha goti, mshazari, maji yasituame juu ya kisiki. Mama alilia kwa sauti, wala hakuona haya. Matawi yakatoa nguzo nne, zikasimikwa kule stesheni. Mtoto akafukizwa chini ya turubai kavu, akapakwa mafuta, na siku ya tatu akaomba uji. Siku ya tano treni ikawachukua.

Kesho yake Mama Joséphine alikodi mkokoteni akazichukue nguzo zake. Akamkuta mama asiyemjua ametandaza plastiki juu ya zilezile, na mtoto anakohoa mapajani pake. Yule mama aliuona mkokoteni, akaanza kuzing'oa.

“Unisamehe, Mama. Ni yako?”

“Ni ya binti yangu. Acha.” Alishika nguzo moja, bado ilinukia. “Mutoto anakohoa siku ngapi?”

“Siku ine.”

Mama Joséphine akamgeukia mwenye mkokoteni.

“Turudi Katuba. Kulibakia majani.”