Mkono Uliogoma

Mara ya kwanza mkono ulipogoma, Jom alidhani ni baridi. Ilikuwa Novemba, huko Sheffield, Uingereza, katika mechi ya snuka isiyotazamwa na mtu isipokuwa mwamuzi na mzee mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Mpira mweusi ulikuwa mdomoni mwa shimo. Hata aliyeshika fimbo kwa mara ya kwanza jana angeutumbukiza. Jom akainama, akaivuta fimbo nyuma kama alivyoivuta maelfu kwa maelfu ya mara tangu akiwa na miaka saba, kisha akataka kuisukuma mbele, na mkono wa kulia haukwenda. Haukuuma wala haukutetemeka. Ulikaa tu pale, kama mkono wa mtu mwingine. Akasubiri. Halafu ghafla ukaruka wenyewe, fimbo ikaugonga ubavuni mpira mweupe wa kusukumia mingine, na ule mweusi haukuguswa kabisa.

Akarudi kwenye kiti chake na kumtazama mpinzani akitumbukiza mipira yote iliyobaki mezani. Ndivyo snuka ilivyo. Mwenzako akishaishika meza, kazi yako ni kukaa kimya, maji yako mkononi, na kutazama unavyomalizwa.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa duniani. Kwao Pak Chong, Thailand, jambo hilo halikuwa dogo. Alipotwaa ubingwa wa vijana wa Asia, halmashauri ilitundika picha yake mbele ya soko, kubwa kuliko ya mgombea yeyote, amevaa kizibao na tai ya kipepeo, meno yote nje. Mama yake, Amphai, aliuza supu ya tambi chini ya ghorofa yenye ukumbi wa snuka, na wateja walimuuliza habari za mwanawe kabla hata hawajaagiza. Mwenye ukumbi huo alikuwa Mwalimu Sanan, aliyefundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na ndiye aliyemfundisha Jom kushika fimbo. Yeye alibandika ukutani ramani ya Uingereza, na kila mji Jom aliocheza akauchoma pini.

Jom hakuwaambia kitu. Kwenye simu alisema ni baridi, mara ni usingizi, mara tumbo. Sheffield walikaa Wathai wanne nyumba moja, wakipika wali kwenye sufuria ya umeme na kwenda mazoezini kwa miguu. Mazoezini hakukosa mpira. Lakini pointi zikianza kuhesabiwa, mkono ulijua. Desemba ulimgomea mara mbili. Januari ulimgomea kila mechi. Wapinzani wakaanza kutazama pembeni kila alipoinama, na huruma yao ikamuuma kuliko kufungwa.

Ilibaki nafasi moja. Machi kulikuwa na mashindano Bangkok. Akishinda mechi ya kwanza angebaki kwenye orodha, akishindwa jina lake lingefutwa. Akarudi nyumbani wiki tatu kabla.

"Tucheze raundi moja," Mwalimu Sanan alimwambia siku ile ile aliyofika. "Nahesabu mimi."

"Mwalimu, nimechoka na ndege."

"Na mimi nimechoka na uzee. Panga mipira."

Jom akatumbukiza minne bila tabu. Wa tano, mwekundu ulionyookeana na shimo, usio na mtego wowote, mkono ukasimama. Mwalimu alikuwa ubaoni, chaki mkononi. Alisubiri, akasubiri, mpaka mkono uliporuka na mpira mweupe ukapotelea pembeni. Akaiweka chaki chini.

"Tangu lini?"

"Novemba."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Anajua. Ila hajajua tu inaitwaje."

Wakaanza kuhangaika. Mwalimu alimfanya acheze amefumba macho, acheze akiimba, acheze kwa mkono wa kushoto. Alimbadilishia fimbo mara tatu. Fundi wa kukanda akamkanda bega mpaka likawa jekundu. Katika hospitali ya mkoa daktari alimpiga picha kuanzia shingoni hadi vidoleni, akazitazama moja moja kwenye mwanga, akageuka na uso wa furaha.

"Mkono wako mzima kabisa!"

Jom akamshukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje. Angevunjika mfupa angejua la kufanya.

Mama yake akampeleka hekaluni. Mtawa mkuu alikuwa mzee aliyeipenda snuka kuliko alivyopaswa. Alimfunga uzi mweupe wa baraka kwenye kifundo cha mkono, akasoma sala ndefu, kisha akamsogelea na kunong'ona.

"Ile pinki uliyoikosa kwenye mechi ya Januari, mwanangu. Kwa nini hukuipiga polepole?"

"Baba Mtawa, mkono haukutaka."

"Aa." Mtawa akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai sokoni. "Basi tuuombee utake."

Usiku wa siku hiyo hakulala vizuri, na asubuhi akamkuta Mwalimu akipiga brashi kitambaa cha meza.

"Mwalimu, niambie. Nifanye nini?"

Mwalimu Sanan aliendelea na brashi mpaka mwisho wa meza. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kukosa jibu la swali la Jom, hata pale jibu lilipokuwa la uongo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kweli, sijui."

Siku ya mechi Pak Chong ilihamia Bangkok. Walikuja na mabasi madogo mawili, watu zaidi ya thelathini, wote wamevaa fulana za njano zenye uso wa Jom kifuani. Mlangoni kukawa na mzozo, kwa sababu Shangazi Bualai, muuza matunda jirani wa mama, alikataa kuacha mfuko wake wa kuku wa kuchoma na wali wa kunata.

"Kuku wangu amekosa nini?" alimuuliza mlinzi. "Amekuja kushangilia kama sisi."

"Chakula hakiingii ndani, shangazi."

"Basi kula wewe. Umekonda kama fimbo ya snuka."

Mlinzi akala. Shangazi akaingia.

Mpinzani alikuwa Pryce, mtu wa Wales wa miaka arobaini na kitu, mtulivu, mwenye kipara kinachong'aa chini ya taa. Wa kwanza kufikisha raundi nne ndiye mshindi. Jom alikuwa amepata ujanja mmoja, na hakumwambia mtu asije akauharibu kwa kuutaja. Alipiga haraka. Aliinama na kupiga hapo hapo, kabla mkono haujapata habari. Raundi ya kwanza akaichukua hivyo. Ya pili akapoteza, ya tatu akachukua. Fulana za njano zikawa zinaruka kwenye viti na mwamuzi akawa anainua kiganja kuomba utulivu. Pryce akasawazisha, Jom akapita tena, Pryce akasawazisha tena. Tatu kwa tatu.

Katika raundi ya mwisho Jom alicheza kama yule kijana wa kwenye picha ya sokoni. Ikafika mahali akawa mbele kwa pointi kumi na nne, na mezani imebaki mipira mitatu tu: bluu, pinki na nyeusi. Akitumbukiza bluu, mchezo umekwisha. Na bluu ilikuwa imekaa shimoni nusu mwili, ikingoja kuguswa tu.

Akaizunguka meza. Hapo ndipo alipokosea, maana alipata nafasi ya kufikiri. Akafikiri kwamba hii ndiyo. Akainama. Akaivuta fimbo nyuma, na mkono ukabaki huko huko nyuma.

Jom aliiona bluu, akauona mweupe, akaona mstari kati ya mipira hiyo miwili umenyooka kama barabara ya reli. Jasho likamchuruzika hadi ncha ya pua. Nenda, akauambia mkono. Tafadhali. Akauambia kwa Kithai, akauambia kwa Kiingereza. Haukwenda. Sekunde kumi zikapita, ishirini. Mwamuzi akakohoa kidogo.

Ndipo mama yake akasimama. Amphai hakujua kanuni za snuka. Katika miaka yote hiyo alijua tu kwamba mwanawe akiinama watu hunyamaza, na akiinuka hupiga makofi. Sasa aliona ameinama na hainuki. Akaona mtoto wake amekwama, watu wote wamekaa, na hakuna anayefanya lolote.

"Jom!" aliita kwa sauti ile ile ya kuita kutoka jikoni. "Umekula?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Pryce, ambaye hakuelewa neno, alitabasamu. Mwamuzi akainua kiganja, Shangazi Bualai akamvuta mama kwa upindo wa fulana, naye mama akakaa huku amejifunika mdomo. Jom akainuka, akacheka na yeye. Akacheka kweli kweli, kifua kikalegea, na akasikia kitu kama joto kikishuka begani. Akamgeukia mama akatikisa kichwa: bado. Kisha akapaka chaki, akainama tena akiwa na hakika kwamba mgomo umekwisha.

Akavuta fimbo nyuma. Mkono ukasimama pale pale.

Uliporuka, uliruka vibaya. Mweupe ukaigusa bluu kwa juujuu, bluu ikayumba mdomoni mwa shimo, haikuanguka. Jom akaenda kukaa. Akamtazama Pryce akiweka bluu, akiweka pinki, akiweka nyeusi, bila haraka. Ilichukua muda mfupi sana.

Walipopeana mikono Pryce hakuuachia mkono wake mara moja.

"Mimi ugonjwa huu ulinishika miaka mitatu," alisema kwa Kiingereza cha polepole ili aeleweke.

"Ulipona vipi?"

Pryce alifikiri. Alionekana anataka sana kumpa kitu.

"Siku moja niliamka haupo," alisema. "Sikufanya lolote. Ningejua ningekwambia, bwana mdogo."

Nje, watu wa Pak Chong walipiga naye picha mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja bluu. Waliongelea joto, foleni, mlinzi aliyemaliza kuku wote. Kwenye basi Mwalimu Sanan alikaa kiti cha mbele akitazama barabara, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mama aliuchukua mkono wa kulia wa mwanawe, akauweka mapajani mwake, akawa anaukandakanda taratibu kama unga, kidole kimoja baada ya kingine.

"Unauma?" aliuliza.

"Hauumi, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaendelea kuukanda mpaka mji wa Saraburi, katikati ya safari. Hapo usingizi ukamchukua, mkono ungali mikononi mwake, na Jom hakuuondoa.

Wiki iliyofuata barua ya chama cha snuka ikaja kwenye simu, fupi na ya heshima, ikimshukuru kwa mchango wake. Jina limetoka kwenye orodha. Kulikuwa na njia moja ya kurudi, mchujo wa mwezi wa tano huko Bangkok, mamia ya watu wakigombea nafasi chache. Jom alishuka kumwambia mama. Mama alikuwa akikatakata vitunguu majani.

"Mkono umepona?" aliuliza bila kuinua macho.

"Bado."

"Mwalimu anasemaje?"

"Anasema hajui."

"Sasa unaendea nini?"

"Sijui kufanya kitu kingine, Mama."

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea. "Basi nenda," alisema. "Ila safari hii usiniambie ni baridi."

Akaenda. Alishinda mechi mbili, moja kwa urahisi kabisa, na usiku ule akathubutu kuamini. Kwenye ya tatu mkono ulimwacha tangu raundi ya kwanza, na aliyemtoa alikuwa kijana wa Chiang Rai ambaye aliomba naye picha kabla ya mechi. Asubuhi akapanda treni ya kurudi. Hakumpigia mtu simu.

Treni iliposimama Pak Chong aliteremsha mkoba na fimbo yake, akamwona mama amekaa kwenye benchi, aproni kiunoni, kopo la supu lililofungwa kwa kitambaa pembeni yake.

"Nani amekwambia nakuja na treni hii?" Jom aliuliza.

"Hakuna," alisema mama, akainuka kwa kushika magoti. "Hii ni ya nne tangu alfajiri."