Mbuzi Aliyepanda Lori

Jumamosi ile mbuzi alipoletwa mtaani Lindi, Risper alikuwa bado amelazwa hospitalini, mguu wa kulia umevutwa kwa kamba yenye uzito mwishoni, na hakuna aliyemuuliza neno. Aliyempokea mbuzi ni shemeji yake Lazarus, msukuma mkokoteni, mtu mwema kabisa lakini mbele ya nyama hana msimamo. Mbuzi alikuwa mweupe, mwenye doa jeusi kwenye jicho moja. Aliletwa na Muigai, mwenye ploti kadhaa huko Kawangware, na mwenye lori lililomvunja Risper, akiliendesha mwenyewe. Muigai hakuja kwa dharau. Alivua kofia, akainama asigonge boriti ya mlango, akaketi juu ya ndoo aliyopewa.

"Sikuja kubishana, ndugu yangu," alisema. "Ajali ni ajali. Tukule pamoja, roho zitulie."

Lazarus alijua kwamba kwa desturi ya akina Muigai, ukishakula mbuzi wa aliyekukosea, maneno yamekwisha na hayafufuliwi. Alijua pia kwamba kwao Ugenya mtu hakatai chakula alicholetewa mlangoni. Kati ya desturi hizo mbili alichagua ile yenye mchuzi.

Muigai aliomba jambo moja tu, kwamba wote walioona ajali waalikwe. Wakaja. Wamuyu, aliyeuza sukuma wiki kando ya Risper pale kituo cha Kawangware 46, alikuja na chumvi yake. Wekulo, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, alikuja na kisu. Lazarus naye aliona, maana siku hiyo alikuwa amesimamisha mkokoteni papo hapo akingoja mzigo. Muigai alionja wa kwanza, kama desturi inavyotaka, kisha akala ubavu mzima. Walilamba vidole, wakaagana vizuri. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Muigai siku hiyo ulikuwa na mafuta.

Huko wodini Risper alikuwa akirudia kitu kimoja kila alipoamka. Alisema kabla lori halijamfikia, mbuzi alilia. Nesi akampapasa paji la uso, akamwambia ni homa.

Alirudi Lindi na goti lisilokunjika. Hakuweza tena kuchuchumaa, wala kutembea hadi Kawangware na karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha tangu mumewe afariki. Kisha akaambiwa yaliyoandikwa polisi. Siku ile ile ya ajali Muigai alisema lori lilikuwa limesimama, injini imezimwa, na mama huyo alikuja akiyumba kwa pombe ya busaa akaanguka kwenye gurudumu. Risper hajawahi kuonja busaa maishani mwake. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na wazee wa kanisa walikuwa wameshamwondoa kwenye kiti hicho kwa muda, mpaka mambo yajulikane. Hilo lilimuuma kuliko goti.

"Mlikula mbuzi ya mtu aliyenivunja?" alimuuliza Lazarus.

"Tulikula, nyar Ugenya," Lazarus akajibu. Humwita binti wa Ugenya kila anapokuwa na hatia. "Lakini hatukushiba."

Risper akamgeuzia mgongo. Jioni alimwita, akamwambia, "Mimi sikula. Kwa hivyo maneno yangu hayajaisha."

Wakili Okeyo alikuwa na ofisi River Road, juu ya duka la magodoro. Alikubali kufungua kesi ya fidia na kungoja malipo yake mpaka washinde, akaomba aletewe mashahidi. Wamuyu ndiye aliyeanza. Alikaa, akakaza kitambaa cha kichwa, akasalimia, akaeleza anakokaa na mumewe Ishmael. Alipoulizwa aliona nini siku ya ajali, akafungua mdomo na kulia kama mbuzi. Haikuwa kikohozi wala mzaha. Ilikuwa sauti ya mbuzi mzima mwenye afya. Alipoulizwa bei ya sukuma alijibu kama mtu, na alipoulizwa tena habari ya lori akalia tena. Kwa Wekulo ilikuwa hivyo hivyo. Lazarus, aliyekula zaidi ya wote, ndiye aliyelia kwa muda mrefu zaidi.

Okeyo aliweka kalamu chini. "Mlikula kitu cha Muigai?"

"Tulikula," wakasema.

Wakili hakushangaa sana. Katika kazi yake alikuwa amekutana na mashahidi waliolishwa wakasahau, na waliolishwa wakahama mji. Hawa angalau bado walikuwa na la kusema. Akamwambia karani wake aandike kwamba mashahidi watatoa ushahidi kwa lugha yao.

Risper alishuka ngazi za ofisi ile kwa matako, ngazi moja moja, mikongojo mapajani. Waliomwona akigongwa ni watu watatu tu katika dunia hii, na wote watatu walikuwa wakilia kama mbuzi. Nani angemsikiliza?

Siku ya kesi hakimu alikuwa na mafua. Wamuyu alipanda kizimbani, akaapa vizuri, akaulizwa, akalia. Hakimu akamtazama juu ya miwani.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Ya mbuzi, mheshimiwa," akasema Okeyo.

Wakili wa Muigai alisimama kulalamika kwamba korti inadharauliwa. Hakimu akapenga kamasi, akasema shahidi ana haki ya kusikilizwa kwa lugha aliyo nayo. Korti ilikuwa na wakalimani wa Kikuyu, Kiluo, Kikamba na Kigujarati. Wa mbuzi hakuwapo, basi kesi ikaahirishwa mpaka apatikane.

Alipatikana Muli, mchuuzi wa mifugo katika soko la Dagoretti, aliyekubali kazi hiyo bila furaha kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Aliapishwa kwa Biblia. Alieleza mapema kwamba yeye si bingwa, kwamba mbuzi wa Ukambani anawaelewa vizuri lakini wa Kajiado humezameza maneno. Hakimu akamwambia ajaribu.

Wamuyu akalia. Muli akainamisha sikio.

"Anasema alikuwa nyuma ya lori," akatafsiri. "Juu ya mabati. Amefungwa miguu."

"Nani? Shahidi?" akauliza wakili wa Muigai.

"Hapana. Mwenye kusema."

 Muigai, aliyekuwa ameketi mbele na koti lake la sherehe, akaanza kuzungusha kofia mikononi. Muigai ni mtu wa kubana matumizi, na kosa lake lote lilikuwa hapo. Siku ya ajali alikuwa akitoka soko la Dagoretti na mbuzi wa kusherehekea ploti mpya. Ajali ikaharibu sherehe, mbuzi akabaki uani akila majani ya bure. Alipohitaji mbuzi wa kupeleka Lindi, aliona hakuna haja ya kununua mwingine.

Wekulo akaendelea pale Wamuyu alipoishia, maana mbuzi alikuwa mmoja. Muli alitafsiri polepole, akisimama kuomba neno lirudiwe.

"Kichwa chake kilikuwa kinaangalia nyuma. Dereva alikuwa anaangalia mbele, anagombana dirishani na mtu anayeuza mchanga. Lori likaanza kurudi nyuma. Hakuna honi. Akaona mama ameinama anapanga samaki wadogo. Mama amewapa mgongo." Muli akakuna kidevu. "Kuna neno hapa sijui. Nadhani ni hofu."

Kisha Lazarus akapanda, akalia kwa muda mrefu, machozi yakimshuka, na haikujulikana kama machozi yalikuwa yake au ya mwingine.

"Anasema alilia kwa nguvu zake zote ili mama asikie," akasema Muli. "Dereva akagonga bati kwa ngumi, akamwambia nyamaza. Akalia tena. Basi lori likafika."

Risper aliufunika uso wake kwa leso. Kumbe palikuwa na aliyempigia kelele. Katika barabara yote ile, yenye watu na macho yao, palikuwa na mmoja aliyejaribu, na yeye alimsikia, na haikuwa homa. Akalia kwa raha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Wakili wa Muigai alipinga. Alisema anayetoa ushahidi huu hayumo katika orodha ya mashahidi, na isitoshe ameshaliwa. Hakimu akaandika hoja hiyo, akasema mdaiwa mwenyewe sasa ataeleza upande wake.

Muigai alipanda, akasimama wima. Aliapa. Akafungua mdomo kusema lori lilikuwa limesimama, na mle mdomoni mwake, kwa sababu alikula ubavu mzima kama desturi inavyotaka, ikatoka sauti ile ile ya mbuzi mweupe mwenye doa kwenye jicho.

Muli hakuhitaji kurudiwa. "Anasema ni kweli," akatafsiri. "Anasema yeye ndiye aliyesema nyamaza."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Muigai ilikuwa na urefu wa kizimba. Hakimu alitoa hukumu kabla ya chakula cha mchana. Lori ndilo lililomfuata mama, si mama aliyelifuata lori, hakuwa amelewa, alipwe fidia ya mguu na gharama za kesi. Kisha akaita kesi iliyofuata, ya mpaka wa shamba.

Wazee wa kanisa walimrudishia Risper kiti chake, wakimwambia kwamba wao hawakuwahi kuwa na shaka. Akawaacha waseme. Kwa pesa za fidia alikodi kibanda pale pale Kawangware 46, chenye meza ndefu na kiti kirefu kilichotengenezwa kufuata mguu usiokunjika, akauza omena ameketi kama karani. Usingizi ulimrudia. Mashahidi walipona siku hiyo hiyo, isipokuwa Lazarus, ambaye mpaka leo hulia kidogo gari likirudi nyuma karibu naye. Watu wa Lindi wameshazoea, na wengine wanaona inasaidia.

Fidia ililipwa na kampuni ya bima. Muigai mwenyewe hakutoa hata sumni, na lori halikununuliwa honi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, lori lile lile likirudi nyuma lilimbana Wamuyu ukutani, likamvunja nyonga. Alikuwa bado wodini wakati Ishmael, mumewe, alipomwita Risper nyumbani kwao. Risper alikuta mbuzi mweusi ameshachinjwa, na Muigai ameketi karibu na moto, kofia gotini. Walioona wote walikuwa wamealikwa.

"Huyu hakupanda gari, mama," Muigai alimwambia, na alisema kwa heshima. "Ametembea kwa miguu yake kutoka Dagoretti. Uliza mtu yeyote."

Ishmael alimvuta Risper kando. "Nifanye nini, mama? Nikatae? Mzee yuko ndani ya nyumba yangu."

Risper alitazama sufuria. Nyama ilikuwa ikichemka pamoja na viazi, vikubwa, vyekundu, vimeanza kupasuka.

"Na hivi viazi?"

"Ni vyake pia. Vilikuwa kwa lori siku ile Wamuyu alipobanwa, gunia mzima. Akasema vitaharibika."

Risper aliegemea mkongojo wake, na kwa mara ya kwanza tangu asikie habari za Wamuyu akavuta pumzi hadi chini. Akaomba kiti, wakamletea. Akanyoosha mguu.

"Nyama waachie," akamwambia Ishmael. "Lakini viazi kila mtu apate. Anza na mzee. Mpakulie vingi."

Muigai alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, akala.