Darubini Tatu za Bwana Lindner

Enzi za uhai wa mkewe Mwanakombo, Mzee Khalfani alikuwa hodari wa kulalamika kwamba nyumba yao ya Mabibo haina utulivu. Mwanakombo alikuwa na maneno, mashoga zake walikuwa na maneno zaidi, na wote walijazana uani wakicheka mambo ambayo mwanamume hakutakiwa kuyasikia. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe, na utulivu ulikuwepo wa kumwaga. Mzee alikuwa akiacha viatu katikati ya mlango kwa makusudi, palepale alipokuwa akigombezwa, na hakuna aliyemgombeza.

Majirani hawakuwa wabaya. Ila ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, biashara imefunguliwa, na mtaa mzima ulikuwa umegeuka wafanyabiashara. Hata mwalimu wa madrasa alikuwa na meza ya sabuni na betri. Watu walimpa shikamoo huku wanatembea, na marahaba yake ikawafikia mgongoni. Binti yake Najma alikuwa ameolewa Tanga na aliandika barua Idi hadi Idi.

Kilichomshikilia mzee huyu duniani, tuseme ukweli, kilikuwa msimu wa uwindaji. Kila Julai kampuni moja ya kuwapokea wawindaji wa kigeni ilimpakia kwenye lori hadi kambini, ng'ambo ya Rufiji, na kumrudisha Desemba. Kazi yake ilikuwa kuchinja. Wageni waliopiga risasi hawakuwa Waislamu, na nusu ya watu wa kambi walikuwa Waislamu, kwa hiyo mnyama akishaanguka ilibidi afikiwe angali anapumua, atajiwe jina la Mungu na kupitishiwa kisu. Akifa kabla, huyo ni kibudu, hata angenona vipi. Khalfani alitembea nyuma ya mpiga risasi, na bunduki ikilia yeye alitimua mbio. Jioni walikula wanaume wanane kwenye sinia moja, wakinyang'anyana mafuta na kutaniana mpaka wali uishe. Kwa sinia lile, mzee alikuwa tayari kuvumilia miezi saba ya Mabibo.

Mwezi Juni Edgar, kiongozi wa msafara wa kampuni, alimtumia ujumbe kwamba anahitajika. Mgeni wao wa kila mwaka, Bwana Lindner, alikuwa ameiacha bastola yake ya kuwindia kwenye ghala la silaha la kampuni, na sasa ametuma kifurushi cha darubini tatu za kufunga juu yake, pamoja na barua. Macho yake yamepungua, aliandika. Mwaka jana, hata kwa hatua sitini, alikuwa akipapasa shabaha. Hataki kumjeruhi mnyama akaenda kufia porini. Basi Edgar na Mzee Khalfani, ambaye husimama begani kwake kila siku, wamchagulie darubini moja na vifaa vya kwenda nayo.

Walikwenda asubuhi, kibali cha polisi mfukoni mwa Edgar, kwenye shimo la kokoto lililoachwa huko upande wa Wazo, ambako vumbi la saruji limekaa juu ya majani. Aliyewafuata kubandika karatasi za shabaha alikuwa Mfaume, mpishi wa kambi, mtu mnene mpole ambaye nje ya msimu alikaanga mihogo sokoni Mabibo. Mzee alifurahi kumwona kuliko alivyoonyesha. Walikuwa wanakaa kata moja, na tangu Desemba walikuwa wameonana mara mbili.

Bastola yenyewe ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima hadi kiwiko. Ilikunjuka katikati, ikala risasi moja, ikafungwa, ukikosa, umekosa. Mzee aliichukua ikiwa imefungwa darubini ndogo, akaisogeza jichoni kama afanyavyo mtu na bunduki, akaona giza tupu. Edgar alicheka, akamwambia anyooshe mkono. Alipounyoosha, ule mduara mdogo ukajaa mwanga, na karatasi ikaja karibu. Alijisemea kwamba wazungu nao wana mambo, kutengeneza kitu kinachokuonyesha vizuri pale tu unapokiweka mbali nawe.

Ile yenye nukta nyekundu waliikataa haraka. Ilitaka betri ndogo kama kifungo cha shati, na hata kwa mwalimu wa madrasa isingepatikana. Zilibaki mbili. Ndogo iliyakuza mambo mara mbili tu, na ilikuwa nyepesi. Kubwa iliweza kufika mara nane, na kwa hiyo Bwana Lindner angepiga akiwa hatua mia na hamsini, bastola ikiwa imelala juu ya miti mitatu ya kuegemezea.

Mzee aliishika ile ndogo na hakutaka kuiachia. Alisema kubwa ni nzito, itatikisa mkono. Alisema uwanja wake wa kuonea ni mwembamba, mgeni atamtafuta mnyama hadi mnyama achoke kusubiri. Alisema vumbi, alisema mvua, alisema pete za kuifungia zitalegea kwenye gari. Katika hayo yote mengine yalikuwa kweli. Lile la kweli kuliko yote hakulisema: goti lake la kulia, lililoanza kumsumbua msimu uliopita, lilikuwa limekufa ganzi tangu Ramadhani, na hatua mia na hamsini hawezi kuzikimbia mnyama asife. Edgar alikwishadokeza kwamba kuna mchinjaji Temeke, Suhaib, ana miaka thelathini na anakimbia kama amefukuzwa.

Edgar hakubishana. Alipiga risasi tatu kwa ndogo, akapiga tatu kwa kubwa, akamtuma Mfaume akalete karatasi. Karatasi ya ndogo ilikuwa na matundu huku na huku, moja limekula pembeni kabisa. Ya kubwa, ungeyafunika yote matatu kwa kikombe cha kahawa.

"Na mie naona vizuri," Edgar alisema. "Huyu mzee wa watu haoni. Ukimpa hii ndogo, Mzee Khalfani, atapiga tumbo. Wewe mwenyewe unajua mnyama wa tumbo anavyokwenda kufa. Mbona umeing'ang'ania?"

Mzee aliziangalia karatasi zile. Angeweza kusema tena habari ya uzito. Alikuwa ametumia miaka kumi na tisa kuhakikisha mnyama hateseki zaidi ya lazima, na sasa alikuwa anataka mnyama apigwe vibaya, karibu, ili yeye apate kumfikia. Aliona aibu, aibu ile inayopanda hadi masikioni.

Akasema habari ya goti. Na kwa kuwa alikwisha kulifungua bakuli, akalimwaga lote. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, yule pongo dume wa kwenye korongo. Bwana Lindner alimpiga vizuri. Yeye Khalfani alikimbia, goti likamsaliti, akaanguka, akainuka, na alipofika jicho la mnyama lilikuwa limekwisha kuganda. Alilishika. Halikupepesa. Akachinja hivyohivyo, akanyanyua mkono kuashiria kwamba amemwahi hai, watu wakabeba nyama kwenda jikoni.

"Nimewalisha watu kibudu," alisema. "Niliogopa nikisema mtanirudisha mjini. Kule mjini hakuna mtu. Mie nikifunga mlango Jumatatu, hata Ijumaa hakuna atakayejua kama nimefungua."

Edgar, ambaye ni Mkristo na aliila nyama ile bila wasiwasi, aliinamisha kichwa na kuanza kukusanya maganda ya risasi, moja moja, kama yanauzwa. Aliyesema ni Mfaume.

"Hakuna aliyelishwa, kaka."

Mzee akamgeukia.

Mfaume alieleza taratibu, akipangusa mikono kwenye suruali. Damu ya pongo yule haikuruka, ilichuruzika tu. Waliombeba waliona, naye alipopokea paja aliona. Hakuna aliyetaka kumkabili mtu mzima kwa jambo lile. Walikubaliana nyama waachiwe Wakristo, wao wapikiwe maharage, na mzee asijue. Ndiyo maana jioni ile walimwambia asijisumbue kutoka, apumzike kwa kuwa alianguka, chakula kitamfuata hemani.

"Mkanipelekea nyama?"

"Wewe ndiye uliyesema ni halali. Tungekupelekea maharage, ungejua kwamba tumejua."

Mzee aliikumbuka sahani ile. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu kila tonge alilimeza kwa kujiambia kwamba dhambi hii wako watu saba ndani yake pamoja naye, huko nje, wanakula na kucheka. Kwa miezi minane aliwaombea wale saba katika kila sala. Alikuwa amezoea kuwaombea. Ilikuwa ni namna ya kukaa nao.

"Kumbe nilikula peke yangu," alisema.

"Ulikula peke yako, kaka. Tulidhani tunakustahi."

Hakukuwa na mtu wa kumwonea hasira. Mzee aliomba bisibisi. Alifunga ile darubini kubwa juu ya bastola kwa mikono yake, akakaza pete za mbele, akakaza za nyuma, akaijaribu kama inacheza. Alimwambia Edgar achukue miti mitatu mirefu, kwa sababu Bwana Lindner hapigi vizuri akichuchumaa, na mkoba wa kubebea bastola kifuani, kwa kuwa wa kiunoni utagongana na miiba. Kifuniko cha vioo kifungwe kwa kamba, maana mzungu yule hupoteza kila kitu. Halafu akasema Suhaib wa Temeke aitwe mapema, apimwe mbio kabla ya Julai, na afundishwe kulitazama jicho kwanza.

Edgar alimwambia kambi haikosi kazi, angeweza kukaa jikoni na Mfaume. Alisema kwa moyo safi. Mzee alimshukuru, akamuuliza Mfaume kama angependa hivyo.

Mfaume alisema ndiyo. Lakini kabla ya kusema alikawia kidogo, kitambo cha kumeza mate tu, na mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa akisoma kama kiumbe bado kinapumua, alikiona kitambo kile.

"Goti halitaki baridi ya porini," akasema. "Nitabaki tu."